Usiue kuvu uliyoinunua kwa pesa yako

Kama una kashamba ka kukodi huko Moiben au Kesses na kila Jumamosi unatoka Eldoret kwenda kuangalia nyanya zako, kaa hapa dakika tatu. Kuna pesa unamwaga na hujui.

Siku hizi ukilalamika kwa agroveti kwamba thripsi wanakumaliza, unaweza kuuziwa dawa ya kibayolojia. Unaambiwa haina sumu kali, haitaumiza watu nyumbani. Sawa kabisa. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi: baadhi ya hizo dawa ziko hai. Ndani ya hiyo chupa au pakiti kuna kuvu, fangasi kwa lugha ya mtaa. Na kitu kilicho hai kinaweza kufa kabla hakijafika shambani.

Majina utakayoona kwenye lebo ni Metarhizium au Beauveria. Mbegu zake ni ndogo mno, moja moja huwezi kuziona kwa macho. Zinamgandia mdudu kwenye ngozi, zinaota, zinatoboa na kuingia ndani, kisha zinamla polepole. Mdudu si lazima ameze chochote. Hafi papo hapo, anachukua siku kadhaa.

Usidhani ni mambo ya kubahatisha. Kituo cha icipe pale Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kimefanyia kuvu hizi utafiti kwa miaka mingi. Aina moja, ICIPE 69, ilitoka maabara ikafika madukani. Na nzige walipovamia eneo hili 2020, Somalia ilitumia kuvu ya jamii hiyo ya Metarhizium, ili malisho ya mifugo yasijae kemikali.

Sasa shida iko wapi? Kwa pampu.

Unajua vile tunapiga dawa huku. Kijana wa kibarua analipwa kwa siku, pampu ya mgongoni ni ya lita 20, na mvua ya Uasin Gishu haingoji mtu. Kwa hivyo kila kitu kinaingia mle ndani pamoja: dawa ya wadudu, mbolea ya majani na dawa ya bliti, ule ugonjwa unaounguza majani ya viazi na nyanya wakati wa baridi na mvua. Ni kokteli kamili. Hiyo dawa ya bliti mara nyingi ina mancozeb. Na kazi ya mancozeb ni gani? Kuua kuvu na ndugu zake. Haiulizi hii ni kuvu mbaya ya nyanya ama ni ile nzuri uliyonunua asubuhi. Carbendazim ni vilevile.

Dawa za wadudu nazo hazifanani. Imidacloprid, kwa mfano, imeonekana kwenye majaribio mengi kutoidhuru sana kuvu, na wakati mwingine hizo mbili husaidiana kumlemaza mdudu. Chlorpyrifos mara nyingi huidhuru. Kipimo pia kina maneno yake, na hata vitu ambavyo kiwanda kimechanganya na dawa yenyewe. Ndiyo maana huwezi kuamua kwa kubahatisha.

Na usijidanganye na ule mtindo wa kuchanganya kidogo kwa chupa kuona kama dawa zitaganda. Hiyo inakuonyesha kama pampu itaziba, basi. Kuvu iliyokufa na iliyo hai zinafanana ndani ya maji.

Kinachonikera ni kinachofuata. Wiki mbili baadaye wadudu bado wako, na mkulima anasema, "Hiyo kitu ni maji tu, ni ukora." Anawaambia majirani. Kesho anarudi dukani kuchukua sumu kali kuliko ya kwanza. Mwaka wa 2019 Mwakilishi wa Kike wa kaunti yetu, Gladys Shollei, alipeleka ombi Bungeni akitaka dawa hatari ziondolewe sokoni. Wengi tulishangilia. Lakini tukiondoa sumu bila kumfundisha mtu kutumia kilicho salama, tutakuwa tumempokonya panga bila kumpa jembe.

Najua utaniambia kupiga dawa mara mbili ni gharama. Kweli, kibarua halipwi kwa mawe. Lakini kupiga mara moja dawa iliyokufa ni gharama zaidi, maana umelipa dawa, umelipa kibarua, na bado thripsi wanakula. Afadhali upange: kuvu siku yake, dawa ya bliti siku yake, na nafasi katikati kama lebo inavyosema. Osha pampu vizuri kabla. Piga jioni, maana jua kali huua hizo mbegu. Na ukiona duka limeanika pakiti zake dirishani kwenye jua, tafuta duka lingine.

Haya hayahitaji digrii. Mimi mwenyewe chuo sikumaliza, na nimeyaelewa. Yanahitaji mtu wa kuyasema kwa lugha tunayoielewa, mahali tunaponunulia. Maelezo ya nini kinachanganywa na nini huwa yamebanwa kwa Kiingereza kidogo kama mchanga. Kampuni zinazouza kuvu zichape jedwali moja kwa Kiswahili, dawa gani inakubalika na gani hapana, libandikwe ukutani kwa kila agroveti. Kaunti nayo ihakikishe lipo. Ni karatasi moja tu, jamani.

Kabla halijabandikwa, uliza mwenyewe. Mwambie muuzaji dawa zote unazopanga kupiga msimu huu, umuulize ipi itaua hii kuvu. Akikosa jibu, usitoe pesa kwanza.