Usukani Unaotikisika Hauponi kwa Spana

Katika vijiwe vya bodaboda imezagaa ada moja ambayo naiona kuwa ni ya hatari kubwa: dereva akilalamika kwamba usukani wa pikipiki yake unatikisika mwendoni, fundi, bila ya kuinua gurudumu wala kuuliza swali, hutwaa spana, akaikaza nati ya shingoni kwa nguvu zake zote, akapokea ujira wake, na dereva akaenda zake akidhani kwamba ametibiwa, ilhali maradhi yamo palepale, yamesitiriwa tu.

Gurudumu la mbele limeundwa makusudi lijirudishe katikati kila linapopotoka. Nalo likikumbwa na kasoro, hurudi likapitiliza, likarudi tena, na mtikisiko ukaanza, aghalabu mwendo unaposhuka baina ya kilomita 80 na 50 kwa saa, hasa dereva alegezapo mikono. Kasoro hiyo yaweza kuwa tairi iliyolika upande mmoja au yenye upepo haba, ringi iliyopinda, beringi zilizochakaa, gurudumu la nyuma lililokaa upande baada ya mnyororo kukazwa, bushi za nyuma ambazo wachache huzikumbuka, au magunia yaliyofungwa nyuma kabisa hata mbele pakawa pepesi. Spoku nazo hutoa ushahidi wake: zigonge moja moja kwa spana ndogo, iliyokazwa italia, iliyolegea itatoa sauti bubu.

Ama shingo yenyewe, katika pikipiki nyingi za biashara hutegemea gololi ndogo zinazozunguka ndani ya vikombe vya chuma. Pikipiki na isimamishwe kwa stendi ya kati, mtu akandamize kiti kwa nyuma hata gurudumu la mbele liache ardhi, kisha fundi azishike shokomzoba kwa chini, azivute na kuzisukuma: akisikia mgongano, shingo imelegea, na kuikaza kwa kiasi ni haki. Lakini auzungushe pia usukani polepole, kwa kidole, kushoto na kulia. Ukinasa katikati, basi gololi zimekwisha kuchimba vishimo katika vikombe kwa mapigo ya barabara mbovu, na hapana nguvu ya mkono itakayovifuta. Dawa ni kung'oa vyote na kutia vipya, pamoja na grisi safi.

Wanaoitetea ada ile husema kwamba mtikisiko hukoma, nami sikanushi kwamba hukoma kwa muda. Lakini shingo iliyokazwa kupita kiasi huunyima usukani yale masahihisho madogo ambayo dereva huyafanya bila ya kujua, na pikipiki ikaanza kuyumba katika mwendo wa polepole, kwenye foleni, baina ya malori.

Siwatupii mafundi lawama yote. Dereva anayedaiwa hesabu kila jioni hana asubuhi ya kumwachia fundi, na fundi ajua kwamba akisema tuifungue, mteja atahamia kwa jirani. Kwa hiyo nawaelekea matajiri wenye pikipiki: siku ambayo shingo imefunguliwa, hesabu isidaiwe, na bei ya vikombe itoke kwa mwenye mali, kwani abiria, ambaye pengine ni mama mwenye mtoto mgongoni, hakuwamo katika mapatano yenu. Na dereva atakayeshikwa na mtikisiko njiani apunguze mafuta taratibu, alibane tangi kwa magoti, aushike usukani bila ya kukakamaa, wala asiikamate breki ya mbele kwa ghafla.