IJUE DUNIA YETU: Lango la Pembe Mjini Mombasa

Mgeni mkubwa akitarajiwa kijijini, wewe na wenzako hufanya nini? Mnachimbia fito za mikoko kando ya njia. Mnafunga makuti mabichi ya mnazi na kuyapinda yakutane juu. Mgeni apite chini yake. Juma moja likipita makuti yamekauka, na watoto wamekwisha chukua fito.

Miji mikubwa nayo hujenga malango ya namna hiyo, lakini ya kudumu. Huko Paris, Ufaransa, Napoleon aliamuru mwaka 1806 lijengwe lango la mawe kuyasifu majeshi yake. Kimo chake ni mita 50 hivi. Weka mnazi mrefu juu ya mnazi mwingine mrefu, ndipo utalifikia. Lilimalizika mwaka 1836. Napoleon alikwisha kufa mwaka 1821. Alipita chini yake mwaka 1840, akiwa ndani ya jeneza.

La jirani zetu liko Mombasa, Kenya, katika barabara itokayo bandari ya Kilindini. Zamani iliitwa Barabara ya Kilindini. Siku hizi ni Barabara ya Moi. Lango hilo lilianza mwaka 1952, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa heshima ya Elizabeth, binti wa mfalme wao. Meli iitwayo Gothic ilikuwa bandarini ikimngoja.

Mgeni hakufika. Tarehe 6 Februari 1952, akiwa upande wa Nyeri, aliletewa habari kwamba baba yake amefariki. Jioni ile akapanda ndege Nanyuki hadi Entebbe, kisha akarudi kwao London. Alikuja Kenya binti wa mfalme, akaondoka malkia. Wale waliowahi kusimama juani kumngoja kiongozi hadi magharibi wanaelewa watu wa Mombasa walivyojisikia.

Lakini lango halikuondoka. Leo ni pembe nne kubwa. Si za ndovu kweli, ni za bati la alumini. Heri hivyo, maana hakuna ndovu wa kuzitoa. Pembe mbili zinapishana juu ya magari yaendayo, mbili juu ya yarudiyo. Chini hupita mabasi, mikokoteni na akina mama wanaotoka sokoni.

Ukifika huko, simama mbali kidogo uzitazame zote nne pamoja. Utaona herufi M, ya Mombasa. Utaisoma mwenyewe, bila kumwuliza mtu.