JIKO NA NYUMBA: Kinoleo cha mwongozo kwa mtu anayeanza

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika nyumba nyingi za askari kisu hicho ni kimoja tu: ndicho kimenyacho matoke asubuhi, ndicho kikatacho nyama jioni, na mara nyingine ndicho kichongacho penseli za watoto. Kikiwa butu, mpishi hulazimika kukikandamiza, na kisu kinachokandamizwa hakichelewi kuteleza juu ya ganda la ndizi na kuingia kidoleni. Kisu kikali hukata pale kilipoelekezwa kwa nguvu kidogo; kisu butu huenda kitakako chenyewe. Kwa hiyo kunoa kisu ni jambo la usalama wa jamaa nzima.

Aghalabu kisu hunolewa kwa kusuguliwa kwenye jiwe la mlangoni au kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Wengine humngoja fundi apitaye na baiskeli yenye cherehe. Fundi mwenye ujuzi hufanya kazi njema, lakini cherehe kavu izungukayo kwa kasi huweza kukipasha kisu moto kupita kiasi. Ukiona makali yamegeuka rangi kuwa ya samawati, fahamu kwamba chuma cha mahali hapo kimelegea na hakitashika ukali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe.

Ama kuhusu jiwe la nyumbani, lawama si ya jiwe peke yake. Makali ni mahali pakutanapo nyuso mbili za chuma zilizoinama. Kisu kikiinamishwa sana mara hii na kidogo mara ijayo, nyuso hizo hufanya mviringo na ukali haupatikani, hata jiwe likiwa bora namna gani. Mkono wa fundi wa miaka mingi huishika pembe moja bila kufikiri. Mkono wa mwanafunzi hautulii.

Askari ataelewa jambo hili upesi. Mkurutu afundishwapo shabaha huwekewa mfuko wa mchanga chini ya bunduki ili mtikisiko wa mikono usimharibie somo. Kinoleo cha mwongozo ni mfuko wa mchanga wa mnoaji: huishika pembe badala ya mkono. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na anayekinunua yafaa akipime kwa kazi hiyo kabla ya kutazama mapambo ya sanduku lake.

AINA ZILIZOPO

Aina ya kwanza ni ya kibanio na fimbo. Kisu hubanwa mgongoni, na jiwe dogo lililofungwa kwenye fimbo nyembamba hupitishwa katika tundu la kuongozea. Mfano ujulikanao sana ni Lansky ya Marekani, ambayo kibanio chake kina matundu ya nyuzi 17, 20, 25 na 30. Kifaa hiki humfaa mwenye visu vilivyochakaa sana, kwa kuwa mawe yake ya mwanzo hula chuma kwa haraka. Kasoro yake ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye tundu si sahihi kwa kila kisu. Bapa likiwa pana, makali huwa mbali na kibanio, na pembe ya kweli hupungua. Kisu kirefu nacho yafaa kibanwe mara mbili, kwanza karibu na mpini, kisha karibu na ncha.

Aina ya pili ni ya fito mbili za kauri zisimamazo katika kitako kwa umbo la herufi V. Sharpmaker ya kampuni ya Spyderco ni ya namna hii. Fito zake zina pande tatu na huinamishwa kwa nyuzi 15 au 20 kila upande. Mtumiaji hukishika kisu wima na kukishusha kama anayekata mkate. Jicho la mwanadamu hutambua upesi kitu kilicho wima, hivyo somo ni jepesi. Kona za fito hizo hunoa hata kisu cha mkate chenye meno. Hata hivyo fito za kauri huenda polepole. Kisu kilichokufa kabisa kitamchosha mtu.

Aina ya tatu ni kile kidude cha bei ndogo chenye vipande viwili vya chuma kigumu, ambacho kisu huvutwa katikati yake. Hicho hakinoi bali hukwangua. Kisu hukata vizuri kwa siku chache, kisha hurudi kuwa butu, na kila mvuto umeondoa chuma kisichorudi. Bandu bandu huisha gogo.

PEMBE NA MAWE

Kabla ya kununua, mwenye nyumba na avipange visu vyake mezani. Kisu chembamba cha kukatia nyama laini au samaki hupendelea nyuzi 15 hadi 17 kila upande. Kisu cha kawaida cha jikoni hufaa kwa nyuzi 20. Kisu cha kazi za nje hutaka nyuzi 25, na chombo cha kupasulia, 30. Pembe nyembamba hukata kwa urahisi lakini huvunjika mapema ikigonga mfupa au kuni. Panga ni pana na nzito mno kwa vibanio vingi, liachiwe tupa. Nyumba yenye visu viwili vitatu vya jikoni inahitaji kifaa chenye nyuzi 20, si kifaa chenye pembe kumi ambazo tisa hazitaguswa.

Atakaye kuiona pembe hiyo na akunje kona ya karatasi. Kona ni nyuzi 90. Ikikunjwa mara moja hubaki 45, na mara ya pili hubaki 22 na nusu.

Mawe matatu yanatosha: la kukwaruza, la kati na laini. Katika seti ya Lansky yenye mawe matatu, namba zake ni 120, 280 na 600. Kadiri namba ipandavyo ndivyo jiwe linavyokuwa laini. Mnunuzi na aulize pia kama jiwe moja huuzwa peke yake likichakaa, maana kifaa kisichopatiwa mawe mapya ni hasara. Mawe ya almasi na ya kauri hutumiwa makavu. Yanayotaka mafuta yasipakwe mafuta ya kupikia, kwani hayo huganda na kuyaziba.

JINSI YA KUANZA

Somo la kwanza lifanywe kwa kisu cha zamani. Makali yapakwe wino wa kalamu nene, kisha jiwe lipitishwe mara mbili tatu. Wino ukifutika mpaka ukingoni, pembe ni sawa. Ukibaki ukingoni, pembe ni ndogo mno. Ukifutika ukingoni peke yake, pembe ni kubwa kuliko ya awali.

Jiwe la kukwaruza lisuguliwe upande mmoja mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili, toka mpinini hadi nchani. Uzi huo haupesi kuonekana bali huhisiwa kwa kidole kinachopitishwa kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hubadilisha jiwe kabla uzi haujatokea, kisha hukilaumu kifaa. Uzi ukishapatikana, upande wa pili nao unolewe hivyo hivyo, ndipo mawe laini yafuate kwa mkono mwepesi, pande kwa zamu, mpaka uzi utoweke.

Kipimo cha mwisho ni nyanya. Kisu kilichonolewa vyema huingia katika ngozi yake kwa uzito wake chenyewe. Baadaye mipito michache ya jiwe laini kila baada ya wiki kadhaa itatosha, wala jiwe la kukwaruza halitahitajika kwa muda mrefu.

Kazi ikiisha, kisu kioshwe kuondoa unga wa chuma, kikaushwe, na kiwekwe juu mahali pasipofikiwa na watoto. Na wote wa nyumbani waambiwe siku hiyo hiyo kwamba kisu kimenolewa, kwa sababu mkono uliozoea kisu butu hukandamiza kwa mazoea.