WATU KUMI MIKONONI MWAKO

Leo muziki tuuweke kando kidogo, twende kwenye gemu.

Mshikaji wangu mmoja alinikalisha mbele ya kompyuta yake akaniwekea gemu ya kale inaitwa Defender. Nikacheka. Picha zenyewe vidoti vidoti, milima ni mstari tu. Nikajua hii naimaliza kabla chai haijapoa. Wacha wee! Chai ilikuwa bado inafuka moshi, mimi sina chombo hata kimoja.

Gemu yenyewe ilitoka Chicago, Marekani, kwa kampuni ya Williams, ambayo hadi hapo ilijulikana zaidi kwa mashine za pinboli, zile za kurusha goroli. Aliyeongoza kazi ni Eugene Jarvis. Wafanyabiashara walipoonyeshwa mwishoni mwa 1980, wengi waliiona ngumu mno, haitauzika. Walichemsha. Mwaka 1981 vijana wa Kimarekani walikuwa wanaipangia foleni, sarafu za robo dola mkononi.

Stori iko hivi. Wewe ni rubani wa chombo cha angani. Chini yako kuna sayari, na juu yake wapo watu kumi, hawana silaha wala pa kujificha. Majitu yanayoitwa Lander yanashuka taratibu, yananyakua mtu na kupanda naye. Likifika naye juu kabisa ya kioo, kwisha habari yake. Jitu linageuka kuwa Mutant, kichaa anayekufuata wewe kwa kasi ya ajabu.

Sasa sikia utamu. Ukilipiga jitu likiwa na mtu hewani, mtu anaanguka. Kama hajapandishwa sana, anapona. Kama yuko juu, anakufa. Kwa hiyo ukishafyatua, wahi chini yake umdake, pointi 500. Mshushe ardhini, 500 nyingine. Na risasi zako hazichagui, bwana. Ukikosea unamuua yule yule uliyekuja kumwokoa. Mimi nimeua wengi hivyo, sifichi.

Kwenye mashine ya asili vidole vilikuwa havitoshi. Mkono wa usukani ulikuwa wa kupanda na kushuka tu. Kwenda mbele kitufe, kugeuka kitufe, risasi kitufe, bomu la kufagia kila adui aliye kwenye kioo kitufe, na cha tano cha kutoweka hapo ulipo na kuibukia kwingine. Hicho ni cha waliokata tamaa, maana unaweza kuibuka na kulipuka hapo hapo.

Lakini kilichonimaliza mimi si vitufe. Dunia ya gemu hii ni pana kuliko kioo, ndiyo maana juu umewekewa karada kadogo. Mimi nilikuwa bize kuwinda pointi mbele ya pua yangu, huku nyuma watu wananyakuliwa mmoja mmoja. Kumbe wa kumi akishaondoka, sayari nzima inalipuka! Unabaki gizani, na kila Lander anakuwa Mutant. Sayari hurudishwa kila baada ya mawimbi matano, kama utafika.

Mshikaji wangu yeye hacheki na rada. Akibakiwa na mtu mmoja hamshushi ng'o. Anaruka naye akining'inia chini ya chombo, vita vinapiganwa abiria akiwemo.

Juzi nami nikajaribu. Nimebaki na mmoja, nimemdaka karibu kabisa na ardhi, jasho linanitoka, nikaruka naye. Nikajikuta naendesha kama nimebeba mayai, hata Lander wawili nikawaacha wajiendee zao. Lakini ukichelewa kumaliza wimbi gemu inakuletea Baiter, kisahani chenye mbio kuliko wewe. Kikanikuta.

Nikamgeukia mshikaji, nikamwambia weka tena. Akaniambia saa saba usiku, kaka, nenda nyumbani.