Kumrudisha Mwanamichezo Darasa: Ushindi wa Nani?

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa chinichini katika vyumba vya walimu, lakini yasiyoandikwa mara nyingi katika kurasa kama hizi, ni tabia ya kumrudisha mwanafunzi darasa si kwa sababu ameshindwa masomo, bali kwa sababu anajua kucheza. Kijana aliyestahili kuingia darasa la saba huambiwa akariri la sita ili aichezee shule katika UMITASHUMTA mwaka mmoja zaidi. Mwingine hukariri kidato ili afike UMISSETA akiwa na kifua kipana kuliko wenzake, aonekane na shule na klabu zinazotafuta vipaji. Twapenda kulijadili jambo hili kama suala la ualimu, wala si la michezo peke yake.

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Katika mikoa ya Dodoma na Singida, mwanafunzi mkubwa kuliko darasa lake si jambo geni. Wako walioanza shule wakiwa wamechelewa kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, au kwa sababu familia ilihama kufuata maji na malisho, au kwa sababu mvua ilikatika na nyumbani hapakuwa na chakula. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyolengwa kufikiwa mwaka 1977, watoto wa umri mbalimbali waliketi katika darasa moja, na haikuwa aibu. Mtoto wa namna hiyo hamdanganyi mtu. Udanganyifu huanza pale mtu mzima anapoamua, kwa makusudi, kumsimamisha mtoto mahali pamoja ili wengine wamkute akiwa mkubwa.

Faida inayotafutwa ni dhahiri. Kati ya miaka 12 na 16 mwili wa kijana hubadilika upesi. Mvulana wa miaka 15 aweza kumpita wa miaka 13 kwa kimo, uzito na kasi, ingawa yule mdogo ndiye mwenye jicho la mchezo na mguu wenye akili. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada, Roger Barnsley na wenzake, walionyesha kwamba katika timu teule za vijana za mpira wa magongo wa barafuni, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Sababu ni kwamba umri ulihesabiwa kuanzia Januari, na waliotangulia kwa miezi michache walidhaniwa kuwa ndio wenye kipaji. Ikiwa miezi michache yaweza kumpotosha mchaguzi, mwaka mzima utafanya nini? Mwalimu anayeshinda kwa kijana aliyerudishwa hajaonyesha kwamba amefundisha vizuri. Ameonyesha tu kwamba kijana wake alizaliwa mapema.

Tabia hii haikuzaliwa kwetu. Nchini Marekani wako wazazi wanaomrudisha mtoto darasa kabla ya sekondari ili atakapomaliza awe na nguvu zaidi, na makocha wa vyuo vikuu wampe nafasi ya kusoma bila kulipa ada. Huko vyama vingi vya michezo ya shule vimelazimika kuweka ukomo wa miaka 19. Katika mpira wa miguu, karatasi zimepoteza heshima kiasi kwamba tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 mifupa ya kifundo cha mkono hupimwa kwa mashine ya MRI. Mwaka 2019, baada ya fainali za Afrika za umri huo zilizofanyika Dar es Salaam, Guinea ilinyang'anywa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia kwa sababu ya umri wa wachezaji wake wawili.

Sisi wenyewe tumewahi kunufaika na ukali huo. Vijana wetu wa Serengeti Boys walikuwa wametolewa na Kongo Brazzaville katika kuwania fainali za mwaka 2017. Kongo ilipoondolewa kwa kushindwa kumleta mchezaji wake apimwe umri, Tanzania ikapewa nafasi hiyo, nasi tukashangilia. Haki tuliyoishangilia kwa taifa hatuwezi kumnyima mtoto wa darasa la sita wa Bahi au Manyoni, ambaye nafasi yake katika timu ya kata imechukuliwa na kijeba aliyerudishwa darasa.

Wako wenzetu watakaosema kwamba bila mbinu hizi vipaji vya kanda yetu havitaonekana. Hoja hiyo haina nguvu. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, akiwa mtu mzima na askari. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, akiwa na miaka 33. Mbio ndefu hukomaa kwa miaka mingi ya mazoezi, na medali ya umri wa miaka 14 haizitangulizi. Shule yaweza kumpa mkimbiaji msingi wa mazoezi na nidhamu, wala haihitaji kumwibia mwaka.

Tukumbuke pia nani analipa gharama. Kijana aliyerudishwa hupoteza mwaka ambao hakuna kombe litakaloulipa, na akiumia goti hubaki bila mchezo wala darasa alilostahili. Msichana wa netiboli aliyecheleweshwa hubaki muda mrefu zaidi katika hatari zile zile zinazowakatisha wasichana masomo. Tena yuko anayelipa kimya kimya, naye ni mwanachuo wetu aliye katika mazoezi ya kufundisha. Akiambiwa abadilishe jina au mwaka wa kuzaliwa katika rejesta, atakuwa amefundishwa kwamba kumbukumbu za shule ni mali ya mwenye haja. Akizoea kudanganya kwa ajili ya kombe, hatashindwa kudanganya katika alama za mtihani.

Basi twapendekeza mambo manne. Mosi, vyuo vya ualimu vifundishe ukuaji wa mwili pamoja na mbinu za michezo, ili mwalimu ajue kumtazama mchezaji kwa kumlinganisha na wa umri wake, na ajifunze kupanga mazoezi kwa makundi ya kimo na uzito. Pili, kukariri darasa kuamuliwe na walimu wa taaluma pamoja na mzazi, sababu iandikwe, na michezo isiwe sababu. Tatu, kabla ya mashindano, umri uhakikiwe kwa rejesta ya uandikishaji wa darasa la kwanza na cheti cha kuzaliwa kama kipo, wala si kwa barua iliyoandikwa wiki ya mashindano. Nne, wakuu wa shule na maofisa elimu wampime mwalimu wa michezo kwa idadi ya watoto wanaocheza na kuendelea na masomo, si kwa vikombe vilivyo kabatini.

Pendekezo la nne ndilo gumu, nalo ndilo mzizi. Mwalimu anayesifiwa kwa kombe atatafuta kombe kwa njia yoyote ile. Maadamu tunaendelea kumpongeza mbele ya gwaride bila kumwuliza wachezaji wake wana umri gani, na sisi tumo katika udanganyifu huo, na mtoto aliyeachwa nje ya uwanja anatutazama.