Kisu cha kwanza cha kijana: cha ala au cha kukunja?

Kijana akishazoea kushika miguu ya mbuzi siku ya sikukuu, haupiti muda ataomba kisu chake mwenyewe. Na siku hizi haombi kile cha babu chenye ala ya ngozi. Anataka cha kukunja, alichokiona kwa mchuuzi pale Mwanjelwa au sokoni Iringa mjini, kinachofunguka kwa kidole kimoja.

Tusidhani cha kukunja kimekuja jana. Okapi, kile chenye mpini wa mbao na mapambo ya nyota na mwezi, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, nchi yetu ikiwemo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ila kazi ya chuma huku kwetu ni ya zamani zaidi: Wakinga wa milima ya Makete walifua majembe na mikuki, wakashuka navyo kwa Wanyakyusa kubadilishana na chakula. Wahunzi wa leo hufua springi za magari mabovu, na kisu chao kikinolewa vizuri hakina mchezo.

Kwenye kuchuna mnyama, mimi nasimama na cha ala. Ukimaliza unakisugua kwa maji moto na sabuni, basi. Cha kukunja huingiza damu na mafuta kwenye kiungo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kesho yake mtoto anakatia parachichi kwa kisu hicho hicho.

Kubwa zaidi ni vidole. Vingi vya bei ndogo havina kifungio, bapa linashikiliwa na springi tu. Mtoto akichoma kitu kigumu kwa ncha, bapa linarudi na kumfungia vidole. Ukinunua, kifungue hapo hapo dukani, weka vidole mbali na makali, kisha gandamiza mgongo wa bapa kwenye ubao. Likilegea, mrudishie muuzaji. Kwa cha ala kagua msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini: ukitikisika leo, kesho utachomoka.

Nikiri kwamba cha kukunja kina nafuu yake kwa anayeshinda machungani. Akijikwaa, ncha imelala ndani ya mpini. Cha ala iliyochakaa kinaweza kumtoboa paja.

Lakini mzazi, cha ala kina msumari wake ukutani. Msumari ukiwa mtupu, unauliza kiko wapi. Cha kukunja kinalala mfukoni, na Jumatatu kinaingia darasani bila wewe kujua. Mwalimu akikikuta hatauliza kama kilikuwa cha kumenyea muwa. Wakigombana wawili uwanjani, kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya mbuzi kinaweza kumpeleka mwana wa mwenzako hospitali na wako polisi.

Na jina la "kisu cha uwindaji" lisimdanganye mtoto. Kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, na wanaoishi jirani na Hifadhi ya Ruaha wanalijua hilo vizuri.

Kwa hiyo cha kwanza kiwe cha ala, kifupi, na msumari wake uwe jikoni, si chumbani kwake. Cha kukunja kisubiri amalize shule.