Wahedi na Sitini: Hesabu Mafungu Yote Mawili



Ukifika Lyulilo siku ya Jumamosi utakuta gulio la vyungu. Lyulilo iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, mwendo mfupi kutoka Matema. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Huvipanga mchangani, na wanunuzi huchagua. Ziwa likichafuka, watu wa mitumbwi hawaondoki. Hungoja. Wakati wa kungoja, mara nyingi kuna mtu mwenye karata mfukoni.

Jumamosi moja niliwakuta wanne chini ya mwembe. Wazee wawili walikuwa upande mmoja, vijana wawili upande wa pili. Walicheza wahedi na sitini. Mzee mmoja alikuwa amenunua chungu kikubwa asubuhi ile, cha kupeleka nyumbani. Chungu hicho ndicho walichowekeana. Vijana nao waliweka fedha ya thamani ile ile. Mchezo ulipokwisha, kijana mmoja alihesabu karata zake haraka haraka. Akasema, "Sitini na tatu! Tumeshinda." Mzee alilitazama fungu lake, akanyamaza. Akakisogeza chungu kwa mkono.

Kabla sijakueleza kilichofuata, tuujue kwanza mchezo wenyewe.

Wahedi ni neno la Kiarabu. Maana yake ni moja. Basi wahedi na sitini ni 61. Hilo ndilo jina la mchezo, na ndiyo kanuni yake kubwa. Upande unaopata 61 umeshinda.

Chukua karata zako. Ondoa nane zote, tisa zote na kumi zote. Zitabaki karata 40. Ziko za aina nne. Kopa ni moyo mwekundu. Uru ni nyekundu yenye pembe nne. Shupaza ni moyo mweusi wenye kikonyo. Pau ni ua jeusi la majani matatu. Kila aina ina karata kumi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Katika kila aina ni karata tano tu zenye hesabu. Karata yenye herufi A huitwa ree. Ina 11. Karata ya saba huitwa seti. Ina 10. Karata yenye herufi K ni mzungu wa nne. Ina 4. Yenye herufi J ni mzungu wa tatu. Ina 3. Yenye herufi Q ni mzungu wa pili. Ina 2. Unaona? Wazee wa zamani waliiweka hesabu ndani ya jina. Ukijua jina la mzungu, umejua thamani yake.

Sita, tano, nne, tatu na mbili hazina kitu. Usidanganywe na namba iliyoandikwa juu yake.

Jumlisha: 11 na 10 na 4 na 3 na 2. Utapata 30. Aina ziko nne, kwa hiyo karata zote zina 120. Nusu yake ni 60. Anayevuka nusu ndiye mshindi.

Nguvu ya karata hufuata mpango huo huo. Ree hula zote za aina yake. Chini yake ni seti, kisha mzungu wa nne, wa tatu, wa pili, halafu sita mpaka mbili. Usishangae kuona J inamla Q, wala saba inamla K. Ndiyo kanuni.

Watu wanne hukaa wawili wawili, kila mmoja akitazamana na mwenzake. Mmoja huchanga, mwingine hukata. Kila mtu hupewa karata kumi. Karata ya mwisho ya mgawaji huonyeshwa kwa wote. Aina yake ndiyo turufu. Turufu hula aina nyingine zote. Aliye kulia kwa mgawaji ndiye anayeanza.

Aina iliyoanza lazima ifuatwe. Ikianza uru nawe unayo uru, toa uru. Kama huna, toa utakayo, hata turufu.

Tuseme turufu ni pau. Mimi naanza na mzungu wa nne wa uru. Wewe unatoa seti ya uru, unanila. Mwenzangu anatoa uru mbili. Mwenzako hana uru. Anaona wewe unaongoza, basi anakutupia ree ya kopa. Mmekula 4 na 10 na 11. Hizo ni 25 kwa mara moja. Ukila, wewe ndiye unayeanza tena.

Maneno haya yametoka mbali. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498. Karata, kopa, uru, shupaza, pau na turufu, yote ni maneno ya Kireno. Seti pia ni saba ya Kireno. Huko Ureno bado wanacheza mchezo wa jamii hii. Wanauita Sueca, na hesabu yake ni ile ile 120. Ndiyo maana mtu wa Msumbiji akikaa nanyi kucheza, hatachelewa kuelewa.

Lakini kila mahali pana desturi yake. Wengine huondoa na mbili zote. Hubaki karata 36, na watu sita huweza kucheza, kila mmoja karata sita. Wakiwa wawili, hushika karata tatu tatu, na nyingine huwekwa katikati. Ukitoa moja unaokota moja, wala hulazimiki kufuata aina mpaka zile za katikati ziishe. Kuna wanaoruhusu kumkonyeza mwenzako. Kwa wengine huo ni wizi. Kuna wanaosema asiyefuata aina huku anayo, upande wake umeshindwa papo hapo. Mimi nawaunga mkono hao. Na wengine hutoa pointi moja kwa mshindi wa kawaida, na mbili kwa aliyevuka 90.

Pale gulioni hukutana watu wa Ikombe, wa Matema, wa Tukuyu na wa mbali zaidi. Kila mmoja ana kanuni za kwao. Basi ulizaneni kabla ya kugawa. Ugomvi mwingi niliouona ulianza kwa neno hili: "Kwetu hatuchezi hivyo."

Turudi chini ya mwembe. Mama aliyeuza kile chungu alikuwa amekaa karibu. Akamwambia kijana, "Ngoja kwanza, mwanangu. Na za baba je, ni ngapi?"

Hakuna aliyezihesabu. Mama akazipanga mchangani. Ree mbili, 22. Seti tatu, 30. Mzungu wa nne mmoja, 4. Wa tatu mmoja, 3. Wa pili wawili, 4. Jumla 63.

"Sitini na tatu huku na sitini na tatu kule ni mia moja ishirini na sita," mama akasema. "Hizi sita za juu zimetoka wapi?"

Wakazipanga za vijana moja moja. Kijana alikuwa ameihesabu sita ya pau kuwa ni sita. Hesabu yake ya kweli ilikuwa 57. Alisema amekosea. Wenzake walicheka sana. Mzee alichukua chungu chake, na fedha ya vijana akawarudishia. Alifanya vema, maana kucheza kwa kuwekeana mali ni kamari, na sheria ya mwaka 2003 inataka kibali kwa michezo ya namna hiyo.

Sasa chukua kalamu, ufanye zoezi. Upande mmoja umekula ree moja, seti tatu, mzungu wa nne watatu, mzungu wa tatu mmoja, na mzungu wa pili wawili. Wana ngapi? Wenzao wana ngapi?

Jibu: 60 kwa 60. Hakuna aliyeshinda. Changeni upya.